Kumuenzi ndugu aliyehitimu: mwongozo wa tuzo za frateniti, kuanzia pendekezo hadi bamba

Bamba lilifika siku nne kabla ya karamu, limeviringishwa ndani ya nailoni ya mapovu. Tulikuwa wanne mezani, boksi la piza katikati. Katibu akalisoma kwa sauti: jina sawa, mwaka wa kuhitimu sawa, kisha "mwanzilishi wa zahanati". Mzee mmoja wa tawi, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwanzilishi? Si aliajiriwa pale?" Kumbe zahanati ilianzishwa na mama mmoja muuguzi, na mama huyo tulikuwa tumeshampelekea kadi ya mwaliko. Angekaa meza ya tatu akitazama kazi yake ikikabidhiwa mtu mwingine kwa makofi.

Bamba jipya lilitugharimu dola 140, tukalipokea asubuhi ya karamu yenyewe. Hiyo ndiyo tuzo ya kwanza niliyosimamia tangu nilipoingizwa katika tawi la wahitimu huku Ohio, nikiwa nimetoka Morogoro kuja kusoma shahada ya uzamili. Nimekaa kwenye kamati hiyo miaka kadhaa sasa, na ninayoyaandika hapa ni kwa Waswahili wenzangu walioko Marekani ambao wamejikuta kwenye kiti kama changu, kwa kuwa sisi ndio tunaopewa kazi hizi: "Wewe unajua kuandika, shika kamati ya tuzo."

Kwanza jua uko kwenye frateniti ya aina gani

Frateniti ni udugu wa wanachuo, kwa kawaida wanaume, jina lake herufi za Kigiriki. Wa kwanza kutumia herufi hizo ni Phi Beta Kappa, ulioanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, Virginia. Leo huo ni wa heshima ya kitaaluma tu, hauna nyumba wala sherehe za Jumamosi. Udugu wa kuishi pamoja ulifuata. Chuo kimoja tu, Miami University kilichoko Oxford, Ohio, kilizaa tatu zinazojulikana nchi nzima: Beta Theta Pi mwaka 1839, Phi Delta Theta 1848 na Sigma Chi 1855. Wamarekani weusi, waliofungiwa milango ya hizo, walianzisha za kwao: Alpha Phi Alpha pale chuo cha Cornell mwaka 1906, Kappa Alpha Psi pale chuo cha Indiana na Omega Psi Phi pale chuo cha Howard, zote mbili 1911, kisha Phi Beta Sigma, Howard tena, 1914.

Tofauti hii ina maana kwa kazi yako. Katika zile za kale, maisha ya udugu yako kwenye nyumba ya wanafunzi. Ukihitimu unakuwa mgeni wa heshima unayerudi wiki ya wahitimu mwezi wa kumi. Kwa hiyo tuzo hutolewa hapo, na kumbukumbu ziko ukutani: ile fremu kubwa ya kila mwaka yenye nyuso za wanachama wote, kila mmoja ndani ya duara lake. Katika zile za watu weusi, mtu haachi. Matawi ya wahitimu yana ada, mikutano ya kila mwezi na miradi, na kuna wengi, mimi mmojawao, ambao waliingizwa baada ya shahada ya kwanza. Huko tuzo hutolewa mara nyingi kwenye siku ya waasisi, ambayo kwa Alpha ni 4 Desemba na kwa Kappa ni 5 Januari.

Wala usidhani Afrika ni ngeni kwenye daftari hizi. Kwame Nkrumah, aliyesoma Lincoln University huko Pennsylvania, na Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, wote walikuwa ndugu wa Phi Beta Sigma. Kwa hiyo ukiona tawi lako halijawahi kumtuza mtu aliyerudi kwao Arusha au Kisumu akafanya makubwa, mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyempendekeza.

Andika sababu kabla ya majina

Kamati nyingi huanza na jina. "Mwaka huu tumpe fulani." Fulani ana pesa, au ni shemeji wa mwenyekiti, au amechaguliwa kuwa meya. Halafu wanaanza kumtafutia sababu, na sababu ya kutafutiwa huonekana tu, hata ukiifunika kwa maneno matamu.

Sisi tulibadilisha mpangilio. Mwezi wa kwanza kamati inakaa bila jina hata moja mezani na inaandika mambo matatu: tuzo ni za aina gani, nani anastahili kupendekezwa, na nani hastahili. Aina zetu ni nne. Kazi au taaluma. Utumishi kwa jamii. Utumishi kwa udugu wenyewe, yaani yule mtu aliyeshika uweka hazina miaka kumi na tano bila kupigiwa makofi. Na vijana walio chini ya miaka 40. Ukiacha aina moja tu ya "mhitimu mashuhuri", kila mwaka itaenda kwa wakili au daktari, na mwalimu wa shule ya msingi hataonekana kamwe.

Kwa upande wa wasiostahili, weka wazi: walioko kwenye kamati, wagombea wa uchaguzi unaoendelea, na yeyote ambaye makao makuu ya frateniti yamemsimamisha. Andika pia, siku hiyohiyo, namna ya kumvua mtu tuzo. Ukiandika kanuni hiyo mapema inakuwa kanuni ya kawaida. Ukisubiri mpaka mtu aingie kwenye kashfa, kila sentensi itasomeka kama jina lake.

Jambo la idadi: tuzo tatu kwa mwaka zatosha, hata kama aina ni nne. Nimeona karamu yenye tuzo kumi na moja. Kufikia ya saba, watu walikuwa wanatafuta funguo za gari.

Kama mtu wako ni mkubwa kuliko tawi, kuna heshima za kitaifa: Kappa Alpha Psi wana Laurel Wreath, Sigma Chi wana Significant Sig, Beta Theta Pi wana Oxford Cup. Hizo zina fomu na tarehe zake. Tawi hupendekeza, halitoi. Mtuze nyumbani kwanza, na faili mtakalolitengeneza ndilo litakalopanda juu.

Kalenda

Kama karamu ni mwezi wa kumi: Januari kanuni, Februari na Machi mapendekezo, Aprili na Mei uhakiki, Juni kura, Julai kumpigia mhusika simu, Agosti maneno, Septemba mchongaji. Mpe mchongaji wiki sita. Watu wa kwetu hupenda kusema mambo yatajipa, bamba halijipi.

Mapendekezo yanavyokusanywa

Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Jina kamili, mwaka wa kuingizwa, tawi aliloingizwa, shahada na mwaka wake, watu wawili wa kuulizwa, na sehemu moja iliyo na maneno haya: "Kwa sentensi moja, amefanya nini ambacho kisingefanyika bila yeye?" Sehemu hiyo ndiyo fomu yenyewe, zilizobaki ni anwani. Anayeshindwa kuijaza atakuletea wasifu wa kurasa nane, na wewe utabaki unachambua mchele.

Usitegemee barua pepe peke yake. Wazee wa miaka ya 1960 na 1970 hawazisomi. Kaa na mzee mmoja mbele ya zile fremu za picha, au na vitabu vya mwaka vya chuo, ambavyo maktaba nyingi zimeviweka mtandaoni. Gusa duara kwa duara: huyu yuko wapi, huyu je? Saa moja na mzee wetu mmoja ilituletea majina sita ambayo hakuna mtu aliyeyajua, mmoja wao akiwa mhandisi wa maji ambaye alistaafu mtaa wa pili tu kutoka ukumbini.

Uhakiki, hapa ndipo kwenye kazi

Gawa uhakiki katika maswali matatu, kila swali na mtu wake.

La kwanza: ni ndugu kweli? Orodha za "wanachama mashuhuri" zinazozunguka intaneti zimejaa majina ya kubandikwa, na wakati mwingine mtu mmoja anadaiwa na udugu mbili. Jibu liko kwenye daftari la makao makuu, siyo kwenye orodha. Uliza pia aliingizwa kwa njia ipi. W.E.B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za watu weusi, anahesabiwa na Alpha Phi Alpha, lakini kama mwanachama wa heshima. Hakuwa kijana aliyekula kiapo chuoni kwao. Si aibu, ila ukiandika vingine, kuna mwanahistoria wa tawi atakayesimama na kukusahihisha mbele ya wageni.

La pili: shahada ni yake? Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda rekodi za wanafunzi, hivyo ofisi ya msajili haitakupa alama za mtu bila ruhusa yake. Lakini kwa kawaida itathibitisha kuwa alisoma pale, lini, na shahada gani, isipokuwa kama mwenyewe alikataza. Vyuo vingi vimekabidhi kazi hiyo kwa National Student Clearinghouse, shirika la kuthibitisha shahada, unalipa ada ndogo. Fanya hivyo hata kwa mtu mnayemheshimu sana. Mtu anayeheshimika hudhurika zaidi tuzo ikija kuchimbuliwa.

La tatu: alifanya hicho mnachosema alifanya? Hapa ndipo tulipoanguka na ile zahanati. Aliyependekeza aliandika "aliijenga zahanati", akimaanisha aliikuza. Sisi tukasoma "aliianzisha". Siku hizi kila kitenzi kwenye ile sentensi moja kinapigiwa simu. Umeandika "alianzisha"? Mpigie mtu aliyekuwepo siku ya kwanza. "Aliongoza"? Tafuta cheo na miaka. "Wa kwanza"? Hili neno liogope kuliko yote. Kila "wa kwanza" ana mtu aliyemtangulia ambaye familia yake iko hai. Simu mbili kwa kila kitenzi, na mmoja wa hao wawili asiwe rafiki yake.

Angalia pia kumbukumbu za mahakama zilizo wazi na leseni ya taaluma kama anayo. Na uliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kama alihusika na uonevu wa kuwaingiza wanachama wapya: vipigo, kulazimishwa pombe na mambo ya namna hiyo. Vijana wamekufa kwa hayo katika vyuo vya nchi hii, na majimbo mengi yameyafanya kosa la jinai. Jina la mtu wa namna hiyo ukutani ni mafunzo kwa kila kijana anayepita chini yake.

Kura

Watu watano au saba, wa vizazi tofauti. Aliyependekeza hapigi kura kwenye aina hiyo. Kura ya siri, kikao kimoja, na anayetunza faili asiwe mwenye kura. Mkifungana, jadilini tena ile sentensi, siyo mtu.

Matatizo huja kwenye pesa. Kutakuwa na mtu atakayesema: tukimtuza bwana huyu, atatuchangia dola elfu ishirini. Inawezekana. Basi mtengenezeeni bamba la mfadhili, mumshukuru kwa mchango, na jina lake liandikwe chini ya neno hilohilo, mfadhili. Mimi sina ugomvi na tajiri. Ugomvi wangu ni kumwita shujaa wa elimu mtu aliyelipia taa za ukumbi.

Mpigie mwenyewe kabla ya kutangaza

Simu, siyo barua pepe, na mpigaji awe wa rika lake au mkubwa wake. Mwulize mambo manne: anakubali? anaweza kuja? jina lake liandikweje? na nani angependa awe pale? Swali la tatu wengi hulipita. Mzee kutoka Mwanza huenda kwenye pasipoti ni Joseph na jina la ukoo, lakini watu wake wote wanamwita kwa jina la babu yake, na hilo ndilo anataka wajukuu walisome. La nne hutoboa siri: mara nyingi atamtaja mwalimu, dada, au yule aliyemlipia karo. Waalikeni.

Kuna watakaokataa. Mmoja wetu alikataa kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa na hakutaka kuonekana anasherehekea. Mkubalie, usimbembeleze mara mbili, faili lake libaki.

Kama mhusika ametangulia mbele ya haki, zungumza na mke au mume, kisha mtoto mkubwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alpha Phi Alpha huwaita ndugu waliofariki wanachama wa tawi la Omega, herufi ya mwisho ambayo haipewi tawi lolote la walio hai. Kappa Alpha Psi husema Chapter Invisible. Familia isiyojua lugha hiyo itashangaa kusoma kwamba marehemu wao "amehamia Omega". Waeleze mapema.

Maneno ya bamba

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna somo la jiwe zima.

Martin Luther King aliingizwa Alpha Phi Alpha mwaka 1952 huko Boston, akisomea udaktari wa falsafa. Ndugu zake wa frateniti ndio waliobeba wazo la kumjengea mnara Washington. Bunge liliidhinisha mwaka 1996, na mnara ukazinduliwa tarehe 16 Oktoba 2011. Sidhani kama kuna udugu wa wanachuo uliowahi kumtukuza mwenzao kwa ukubwa huo. Na bado maneno yaliwaponyoka. Katika mahubiri ya Februari 1968 huko Atlanta, King aliwaambia waumini, kwa maana hii: kama mtataka kusema nilikuwa yule mtu wa mbele ya bendi anayerusha fimbo, basi semeni nilikuwa wa mbele kwa ajili ya haki. Lile "kama" lilikuwa moyo wa maneno yote. Alikuwa anakemea tamaa ya kutangulia mbele. Waliochonga wakabana nafasi, wakaondoa "kama", na jiwe likasema kwa kinywa chake kwamba alikuwa mtu wa mbele wa haki, amani na uadilifu. Mshairi Maya Angelou akalalamika hadharani kwamba maandishi hayo yanamfanya aonekane mwenye majivuno. Mwaka 2013 sentensi ilichongwa ikafutwa kabisa.

Kwa hiyo: usifupishe maneno ya mtu ili yatoshe. Kama hayatoshi, usimnukuu. Andika kwa kauli ya tawi, jina, mwaka, na ile sentensi moja iliyohakikiwa. Linganisha:

"Kwa uongozi wake wa kipekee na mchango mkubwa kwa jamii."

"Alifundisha hisabati miaka 31 katika shule moja, na jioni akawafundisha wazazi wa wanafunzi wake kusoma."

Ya kwanza unaweza kuibandika kwa mtu yeyote, hata kwa aliyeiandika. Ya pili ina mwenyewe.

Soma rasimu kwa mhusika kwa simu, neno kwa neno. Kisha mpe mtu asiyejua habari hiyo aisome kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza. Makosa ya tahajia huonekana hivyo. Mchongaji atakutumia mchoro wa kuidhinisha. Usiuidhinishe kwenye simu ukiwa kwenye foleni ya magari. Uchapishe.

Pesa na kodi

Tawi kwa kawaida huhesabiwa kama klabu ya kijamii, kundi la 501(c)(7) katika sheria ya kodi ya Marekani, na mchango kwa klabu hauondolewi kwenye kodi ya mtoaji. Mifuko ya elimu iliyo chini ya 501(c)(3), kundi la mashirika ya hisani, ndiyo yenye nafuu hiyo. Tiketi zikiuzwa na mfuko kwa dola 150, na chakula kikiwa na thamani ya dola 60, mgeni anaweza kudai 90 tu. Na kwa malipo yoyote ya namna hii yanayozidi dola 75, mfuko unatakiwa umpe mlipaji maandishi yanayotaja thamani ya alichopata. Iandike kwenye tiketi yenyewe, umalize. Mtunukiwa na mgeni wake hawalipi.

Usiku wenyewe

Chakula kwanza, tuzo wakati wa kitindamlo. Utambulisho dakika tatu, mtunukiwa dakika tano. Sisi tuliozoea itifaki ya nyumbani, ambapo wageni waalikwa hutambulishwa hadi chakula kinapoa, tujizuie. Salamu moja kwa wote yatosha, baada ya kumtaja mama mzazi kama yupo.

Mshereheshaji apate sauti ya jina. Nilimwomba mzee mmoja ajirekodi kwa simu akitaja jina lake lenye ng' mwanzoni, nikampelekea mshereheshaji, Mmarekani wa Cleveland, akajifunza kwenye gari siku mbili. Usiku ule alilitamka sawasawa, na mabinti wa mzee wakapiga vigelegele kabla hata ya sifa kusomwa.

Mambo ya ndani ya udugu, salamu za mkono na nyimbo za faragha, yabaki ndani. Ukumbini kuna wake, watoto na majirani. Zawadi ya pembeni si lazima, ila kwa mtu wa pwani, kanga iliyochaguliwa kwa methali yake humfurahisha mke wa mtunukiwa kuliko maua ya dukani. Soma hiyo methali kabla ya kununua, tafadhali.

Wiki inayofuata

Nakala ya maneno yaliyosomwa iende kwa familia, kwa makao makuu, na kwa hifadhi ya nyaraka ya chuo. Hifadhi nyingi hupokea kwa furaha. Faili la uhakiki lenye maelezo ya simu hufungwa na kukaa kwa katibu, halisambazwi. Waliopendekezwa wakakosa, wapendekezaji wao waandikiwe barua fupi na waulizwe kama jina libaki kwa mwaka ujao.

Mama muuguzi hakuwa mwanachama na asingeweza kuwa, hivyo kanuni zetu hazikuwa na nafasi yake. Mwaka uliofuata tukaongeza aina ya tano, rafiki wa tawi, na yeye akawa wa kwanza kuipokea. Neno "mwanzilishi" tulilipigia simu mbili.

Bamba lenye kosa liko kwenye droo ya katibu mpaka leo. Kila Januari anayeingia hukabidhiwa pamoja na funguo za kabati.